Mashine Iliyolilia Jina

Kabla sijawaambia chochote, mjue kwanza anayewaambia ni nani. Mimi Mayige, mwaka 2003, nilikuwa fundi kompyuta peke yangu kuanzia Lamadi mpaka Nkoma. Wengine walikuwa wanapuliza vumbi tu. Mimi nikipita barabarani kompyuta za watu zilikuwa zinajiwasha zenyewe kwa heshima. Shule niliachia kidato cha pili, sikatai, lakini nilisoma kozi ya miezi mitatu Mwanza, na wiki ya pili tu mwalimu alianza kuniuliza mimi maswali.

Basi. Siku hiyo ilikuwa saa kumi na mbili kasoro jioni, nafunga banda langu pale Bariadi nikanunue samaki wa kukaanga. Gari ya Marcelo ikasimama mbele yangu. Marcelo alikuwa meneja wa kiwanda cha kuchambua pamba nje ya mji. Zamani kile kiwanda kilikuwa cha ushirika. Soko huria lilipokuja kikauzwa, watu karibu mia mbili wakarudishwa makwao, wakaja hawa wa binafsi na kompyuta tano.

"Fundi, netiweki imeharibika. Kesho tunafungua msimu. Leo hii iwe imepona."

"Bosi, ikiniona tu inapona."

"Apolonia yuko ofisini anakusubiri. Nimemwambia haondoki mpaka umalize."

Nikachukua begi langu, nikatia sidii ya pachi niliyotoka nayo Mwanza. Pachi ni kiraka. Suruali ikitoboka unaweka kiraka, programu ikitoboka unaweka pachi. Nikapanda baiskeli. Nilikanyaga vile mpaka jua lilirudi nyuma kidogo kunitazama.

Getini alikaa mzee Masele, mlinzi. Alikuwepo tangu enzi za ushirika, yeye na lile geti ni kama mapacha.

"Mwadila, mzee Masele. Bado hujafa tu?"

"Mwadila. Nakusubiri wewe, twende wote."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Unaenda kuigusa ile ya pembeni?" akauliza.

"Nitagusa zote. Zikitaka nitazibeba mgongoni."

"Ile ya pembeni usiitanie," akasema.

Mimi nikaambiwa nisitanie! Ni kama kumwambia fisi asicheke.

Ofisini nilimkuta Apolonia, karani, na mtoto wake wa miezi minne. Alikuwa amemlaza kwenye katoni juu ya pamba safi, kitenge juu yake. Yule mtoto namjua. Bariadi nzima ilimjua. Alipozaliwa alibatizwa Deogratias, akalia wiki tatu mfululizo, hanyonyi, halali. Bibi yake akasema analilia jina. Wakakaa naye uani, wakataja marehemu wa ukoo mmoja mmoja. Walipofika kwa Jilala, baba yake babu, mtoto akanyamaza pale pale. Akanyonya. Tangu siku hiyo ni Jilala, na kwetu hakuna anayeshangaa, watoto wengi wamepata majina hivyo.

"Umechelewa, fundi," Apolonia akasema.

"Mimi sichelewi, dada. Saa ndiyo zinawahi. Kinaumwa nini hiki kiwanda chako?"

Akanionyesha. Kompyuta zilipewa majina, PAMBA1 mpaka PAMBA5. Niwaeleze kidogo. Kila kompyuta ina namba na ina jina. Namba ni nyumba, jina ni mtu. Ukiita jina, anaitika mwenyewe, anakwambia nyumba yake ilipo, unampelekea mzigo.

"Sasa tazama," akasema. Akaita PAMBA2.

Ikaitika tano.

Akaita PAMBA1.

Ikaitika tano.

"Ukiita yoyote, inaitika ile ya pembeni," akaninong'oneza. "Nikichapa barua hapa, inatokea kule. Bosi akiandika chake, kinaenda kule. Inaitikia majina ya wenzake, fundi. Na inalia."

Ndipo nikasikia.

Piii...

Piii...

Kidogo hivi, kama kinda la ndege chini ya gunia. Ilikuwa imewekwa pembeni kabisa, chini ya dirisha lililozibwa kwa matofali. Na pale pembeni palikuwa na harufu. Siyo ya mbegu za pamba, hiyo nimeizoea. Harufu ya shati lililokaukiwa jasho, likakunjwa, likafungiwa sandukuni miaka.

"Hii ni memori tu imelegea," nikasema. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Nikaanza kazi. Ya kwanza nikaipiga pachi, dakika sita, safi. Ya pili safi. Ya tatu, ya nne, safi kabisa, zinaitana na kuitikiana kama majirani wema. Nje giza lilikuwa linaingia, jenereta la kiwanda linanguruma, taa inapepesa. Apolonia ananiangalia huku anatikisa katoni kwa mguu.

"Ukimaliza hiyo ya tano niende nyumbani," akasema. "Sayi atakuwa na njaa." Sayi ni mume wake.

"Mwambie Sayi apike. Ana mikono miwili na kidomo kirefu."

Akacheka. Huko ndiko kucheka kwake kwa mwisho nilikokuona, ndiyo maana nawaeleza.

Nikakaa mbele ya ile ya tano. Kiti kilikuwa cha moto, kama mtu ameinuka sasa hivi. Nikatia sidii. Pachi ikaingia vizuri mpaka mwisho, halafu kikatokea kisanduku: Andika jina la mashine hii.

Nikaandika PAMBA5.

Piii. Jina likafutika lenyewe.

Nikaandika KIWANDA.

Piii. Likafutika.

Nikaandika TEMBO, nikaandika SIMBA, nikaandika hata tusi moja zuri sana. Piii, piii, piii. Sasa ilikuwa inalia bila kupumzika, na mtoto naye akaamka akaanza kulia. Wanapokezana. Huyu akivuta pumzi, yule analia. Kichwa kikaniuma.

Hapo ndipo shetani wa utani alinipanda.

"Dada Apolonia," nikasema, "hii mashine yako haiumwi. Inalilia jina! Kama mwanao. Wala hatuhitaji fundi, tulihitaji bibi yake."

"Fundi, acha."

"Tuipe la ukoo!"

Nikaandika, herufi moja moja, namtazama nacheka. J. I. L. A. L. A. Nikabonyeza enta.

Mashine ikanyamaza.

Mtoto akanyamaza.

Kimya kile... Hata jenereta nililisikia kwa mbali, kama liko Mwanza.

"Umeona?" nikasema. "Nimewanyamazisha wote wawili kwa kidole kimoja. Nani fundi?"

Kwenye kioo kikatokea kisanduku kingine. Kwa Kiswahili chetu kilisema: Jina hili lina mwenyewe tayari kwenye netiweki.

Nikashangaa. Netiweki ya kompyuta tano, hakuna nyingine yenye jina lile. Kabla sijafanya kitu, kisanduku kikajifunga. Kikaja kingine.

Mwenyewe ameondolewa.

Apolonia alikuwa ameinama kwenye katoni.

"Jilala," akaita taratibu.

Piii, ikaitika mashine.

Akageuka akaitazama. Akamgeukia mtoto tena. Macho ya mtoto yalikuwa wazi, yanatazama dari. Anapumua, lakini kidogo sana, kama amesahau kazi hiyo inafanywaje.

"Jilala! Mwanangu! Jilala!"

Piii. Piii. Piii.

Kila akiita, inaitika. Na kila ikiitika, mtoto anapoa. Nilimshika mguu. Naapa, nilishawahi kushika samaki wa barafu pale Lamadi, na yule samaki alikuwa na joto kumshinda.

"Usimwite!" nikasema. "Usimwite tena!"

"Deogratias," akajaribu la ubatizo. Mtoto hata kope hakutikisa.

Mlango ukafunguka. Mzee Masele. Hakuuliza kitu. Alitazama kioo, ingawa kusoma hajui, halafu akatazama katoni.

"Umeipa," akasema.

Nikaingiza mkono nyuma ya meza kutafuta waya wa umeme.

"Usiizime!" Sauti yake ilikuwa kama kofi. "Ukiizima sasa inaondoka naye."

"Ni nini hii, mzee?" Apolonia alikuwa ameshampakata mtoto, anamsugua mgongo.

Mzee Masele akakaa pale mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Akaongea haraka haraka, kwa kunong'ona. Alisema wakati wa kufukuza watu, mmoja alikataa kutoka. Alikuwa anakaa pale pale pembeni, chini ya lile dirisha, siku tatu hali, hanywi. Wakamzibia dirisha kwa matofali wakidhani atatoka kwa kukosa hewa. Alitoka akiwa amebebwa. Hakuwa na mtoto. Hakuwa na ndugu. Hakuna hata mjukuu wa jirani aliyepewa jina lake.

"Aliitwa nani?" nikauliza. "Niambie niiandike hiyo hiyo! Tumpe lake!"

Mzee akafungua mdomo.

Akaufunga.

"Hilo ndilo tatizo," akasema. "Nilifanya naye kazi miaka kumi na tisa. Silijui. Hakuna anayelijua. Ndiyo maana anaokota ya wenzake."

Ngozi yangu ilijikunja yote mpaka viatu vikawa vikubwa.

"Mtoto amebakiza muda gani?" Apolonia akauliza. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa ya basi.

"Sijui, mayu. Kidogo." Mzee alimwita mayu, kama mtu anavyomwita mama yake. "Mpeni jingine, atalitema hilo. La mtu aliye hai. La uongo halitaki, mmeona."

Apolonia akanitazama.

"Weka lako," akasema.

Wanangu, mimi ni mwanaume. Nimeshaua chatu kwa kofi. Nimeshavuka mto Simiyu wa masika nikiwa nimeshika redio juu, na redio ikiimba. Lakini pale niliangalia mlango uko wapi.

"Weka lako, fundi. Wewe ndiye uliyeandika."

"Dada... hii mashine ni ya kizamani. Haipokei majina marefu. Langu halienei."

Nilisema hivyo. Nilikuwa sijapanga, lilitoka tu, laini, kama ninavyowadanganya wateja.

Apolonia akamweka mtoto begani. Akaanza kuhesabu kwa vidole, midomo inatikisika. M, a, y, i... Akafika mwisho. Akahesabu tena, kwa mkono mwingine, jina jingine.

"Lako sita," akasema. "Langu nane."

Nikalivuta begi langu karibu.

"Fundi. Lako ni sita."

Nilitazama kibao cha herufi. Nilikitazama vizuri sana, naweza kuwaambia mpaka leo kilikuwa na vumbi upande gani. Mzee Masele alikuwa amerudisha nje ule mguu uliokuwa ndani.

Mtoto akatoa sauti. Siyo kilio. Kama mtu anayezima kibatari kwa kupuliza.

Apolonia akanisukuma kwa kiuno, nikaondoka kwenye kiti. Akakaa. Hakulia, hakunitukana. Ningependa angenitukana. Mkono mmoja umeshika mtoto, mwingine unaandika, na aliandika haraka, alikuwa karani mzuri. A-P-O-L-O-N-I-A.

"Yesu na Maria," akasema. Enta.

Jina hili lina mwenyewe tayari kwenye netiweki.

Kisha...

Mwenyewe ameondolewa.

Mtoto akapiga ukelele! Ukelele wa afya, wa njaa, mpaka kioo kikatetemeka. Nikaruka. Nikapiga makofi kama mjinga. "Amerudi! Dada, amerudi! Jilala!"

Mtoto akanigeukia.

Lakini mama yake hakugeuka. Alikuwa amekaa anatazama ukuta, uso umetulia kabisa. Mtoto alikuwa anatafuta ziwa, naye hakuonekana kuelewa anatafuta nini.

"Dada Apolonia," nikasema.

Piii, ikaitika ya pembeni.

Akainuka, akatoka na mtoto mkononi kama alivyobeba. Nilimfuata mpaka getini. Mzee Masele, aliyekuwa ametangulia, aliyemfungulia yule dada geti kila asubuhi miaka minne, akamulika tochi usoni kwake.

"Dada, umeingiaje humu?" akamuuliza. "Na huyo mtoto wa nani?"

Hakuwa anatania. Nilimwangalia macho. Yalikuwa safi, hayana mtu ndani anayemjua.

Tulifika kwake. Kwa nini nilimsindikiza? Sijui. Labda nilitaka nione nimeharibu kiasi gani, fundi ana tabia hiyo. Sayi akafungua mlango. Akamwona mtoto, akampokea haraka, akambusu kichwani.

"Asante sana, dada. Umemwokota wapi mwanangu?" Akachungulia giza nyuma yetu. "Mama yake yuko wapi?"

Mama yake alikuwa amesimama mbele yake. Kitenge alichovaa yeye Sayi ndiye aliyemnunulia.

"Sijui," yule dada akajibu. Kwa upole tu. "Mimi nilikuwa nimembeba."

Sayi akafunga mlango.

Walimtafuta. Jumapili ile kanisani Sayi alisimama mbele kutangaza kwamba mke wake amepotea. Katekista akamuuliza jina lake nani, aandike. Sayi akafungua mdomo. Akakaa hivyo, mdomo wazi, watu wanasubiri, jasho linamtiririka. Akageukia ukoo. Mama mkwe, mashemeji, wasimamizi wa ndoa. Wote walikuwa na midomo wazi. Kanisa zima lilikuwa kama kiota cha makinda yanayosubiri chakula. Na yule dada mwenyewe alikuwa amesimama nyuma, karibu na mlango, naye anasikitika pamoja na watu.

Marcelo alifurahi. Netiweki ilifanya kazi kuliko zote alizowahi kuona. Ile ya pembeni haikukwama hata siku moja, barua ilizichapa vizuri, kwa kasi, kama ina vidole. Akanitangaza mpaka Nyashimo. Nikapata wateja wengi sana, sitaki kusema uongo.

Mkiniuliza mimi nalijuaje lile jina, nitawaambia. Kwangu halikutoka mara moja kama kwa wengine, na usiku ule ule nililiandika kwa kalamu nyuma ya boksi la sidii. Nisipolisoma linanitoka. Kila mahali hapa mnapoona Apolonia, nimenakili, na nilipofika katikati nilisimama mara nne kuangalia tena.

Miaka minne imepita. Yule dada alikuwa anafagia pamba sokoni, analala popote. Watu wanamwita "wewe". Jilala anakimbia njiani, amejaa, ana kelele. Akipita karibu yake hamtazami.

Juzi jioni alikuja bandani kwangu.

Alisimama mlangoni, amekonda, nywele zimejaa nyuzi za pamba. Nilijua atakuja siku moja. Hata hivyo moyo ulipiga mpaka kipanya cha kompyuta kikasogea mezani.

"Samahani, baba," akasema. "Wanasema wewe unajua mambo ya majina kwenye mashine."

"Kidogo."

"Mimi najua kuchapa. Vidole vyangu vinajua. Sijui nilijifunzia wapi." Akavitazama. "Unanifahamu?"

Boksi lilikuwa kwenye droo, chini ya mkono wangu. Herufi nane. Nilikuwa najua inavyorudishwa. Unaenda pale pembeni, unafuta lake, unaandika jingine. La mtu aliye hai. Kazi ya dakika moja, hata wa kidato cha pili anaweza.

"Hapana, mayu," nikasema. "Sikufahamu."

Akatikisa kichwa polepole, kama alilitegemea hilo.

"Inawezekana kurudishiwa? Mtu akiandika jina la mwingine pale kiwandani, kwenye ile ya pembeni? Mzee mmoja wa getini ananiambia hivyo akilewa."

"Sijui. Labda."

"Wabeja," akanishukuru. Akageuka aende. Akasimama.

"Na wewe unaitwa nani, baba?"

Taa ya banda ikapepesa. Mimi, ambaye jina langu nalitamba kila nilipokaa, kila nilipokunywa chai, kila mkutano, kila msiba... Nilimtazama vidole. Vilikuwa vinachezacheza hewani, vinasubiri.

"Thomasi," nikasema.

"Thomasi," akarudia. Akaondoka, akashika njia ya kiwandani, analirudia kidogo kidogo asilisahau. Thomasi. Thomasi. Nililisikia mpaka likapotea.

Thomasi ni fundi redio. Banda lake limeungana na langu, tunatenganishwa na bati moja. Ana mke na watoto watano, mtu mpole sana, hajawahi kunikosea. Jana amefungua kama kawaida, na leo amefungua, namsikia hapo upande wa pili anagonga gonga kitu chake.

Mpaka sasa sijathubutu kumwita.